Miaka Mitano au Saba: Wasomaji Wauliza Kuhusu Mswada wa Kurefusha Mihula ya Viongozi

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi zinahusu Mswada wa Marekebisho ya Katiba (Nambari 2) wa 2024, uliowasilishwa na Seneta wa Nandi, Samson Cherargei. Mswada huo ulipendekeza muhula wa Rais, magavana, maseneta, wabunge na wawakilishi wa wadi uongezwe kutoka miaka mitano hadi saba, pawe na wadhifa wa Waziri Mkuu, na Seneti iongezewe mamlaka. Seneti ilipowaalika wananchi kutoa maoni mnamo Oktoba 2024, barua pepe zilimiminika hata mitambo ya Bunge ikalemewa. Mwezi uliofuata, kamati ya Seneti ya haki na masuala ya sheria, chini ya uenyekiti wa Seneta wa Bomet, Hillary Sigei, ilipendekeza Mswada usipitishwe, ikieleza kwamba imepokea maoni zaidi ya 200,000 na kwamba takriban yote yaliupinga. Barua zenu nimezifupisha bila kubadilisha maana, na majina nimeyaacha.

Mhariri, ninauza omena katika soko la Kibuye, Kisumu. Redio ilitangaza kwamba Mswada wa miaka saba umekufa, lakini jirani yangu wa kibanda anashikilia kwamba wabunge wanaweza kuufufua na kuupitisha usiku mmoja tukiwa tumelala. Ni nani kati yetu anayesema kweli?

Mama, kila mmoja wenu ameshika upande mmoja wa ukweli, na upande wa jirani yako ndio unaohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi.

Kuhusu muhula wa Rais, jambo hilo haliwezi kumalizwa usiku mmoja. Kifungu cha 255 cha Katiba kinaorodhesha mambo ambayo hayabadilishwi bila kura ya maoni ya wananchi wenyewe, na muhula wa Rais umetajwa humo waziwazi, pamoja na mamlaka ya wananchi, mipaka ya nchi, haki za msingi, uhuru wa Mahakama na mambo mengine machache. Kifungu cha 256 nacho kinaeleza njia ambayo Mswada ulioanzia Bungeni unapaswa kupita: ukishasomwa mara ya kwanza, ni lazima siku 90 zipite kabla ya kusomwa mara ya pili katika Bunge hilo, kisha uungwe mkono na theluthi mbili ya wanachama wote wa kila Bunge katika usomaji wa pili na wa tatu, yaani wabunge 233 kati ya 349 na maseneta 45 kati ya 67. Ukivuka hapo ndipo uletwe kwenu kwa kura ya maoni, na kura hiyo haihesabiwi kuwa halali mpaka angalau asilimia 20 ya wapigakura walioandikishwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na wengi wa waliopiga kura waseme ndiyo.

Hata hivyo, Mswada huu haukumhusu Rais peke yake, na hapa ndipo ninapomwunga mkono jirani yako. Ukiisoma orodha ya Kifungu cha 255 neno kwa neno, hutaona muhula wa wabunge ukitajwa kwa jina. Utaona kazi za Bunge, utaona malengo na muundo wa serikali za ugatuzi, lakini muda ambao mbunge anakaa kitini umewekwa kwingine, katika Kifungu cha 101 kinachosema uchaguzi mkuu wa wabunge ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa hiyo, mtu akiondoa sehemu ya Rais na kuleta Mswada mwembamba unaowahusu wabunge na maseneta pekee, anaweza kudai kwamba theluthi mbili ya kila Bunge inatosha na kwamba wananchi hawana haja ya kuitwa. Kwa maoni yangu dai hilo halipaswi kusimama mahakamani, kwa sababu mwakilishi anayejiongezea muda bila kurudi kwa aliyemtuma anagusa mamlaka ya wananchi, na mamlaka hayo yamo katika orodha. Lakini ni dai linaloweza kutolewa, na katika mjadala wote wa Oktoba ni watu wachache mno waliolizungumzia, kwa kuwa macho yote yalikuwa Ikulu.

Haya yameshatokea karibu nasi. Mwaka 2017 Bunge la Uganda lilipoondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa mgombea wa urais, wabunge waliingiza katika Mswada uleule kipengele cha kujiongezea muhula wao wenyewe kutoka miaka mitano hadi saba, na kilikuwa kinaanza na wao waliokuwa Bungeni wakati huo. Watu walibishana juu ya umri wa Rais, na nyongeza ya wabunge ikapita. Ni Mahakama ya Katiba, iliyoketi Mbale, ng'ambo tu ya mlima Elgon kutoka Bungoma, iliyoibatilisha nyongeza hiyo mnamo Julai 2018, ingawa iliacha kuondolewa kwa kikomo cha umri kusimame. Katiba yetu yenyewe inaruhusu muda wa Bunge urefushwe katika hali moja tu, nchi inapokuwa vitani, na hata hapo ni kwa azimio la theluthi mbili ya kila Bunge, miezi isiyozidi sita kwa mara moja na isiyozidi kumi na miwili kwa jumla. Aliyeandika Kifungu hicho cha 102 alijua vema kishawishi kilichopo.

Mwambie jirani yako asiache kusikiliza redio. Pendekezo hili si mgeni: Novemba 2022 Mbunge wa Fafi, Salah Yakub, alitaka kikomo cha mihula miwili ya Rais kiondolewe na mahali pake pawekwe kikomo cha umri, na Rais William Ruto akawaambia wabunge wa chama chake wasipoteze wakati kwa jambo hilo, mwaka 2023 Seneta Cherargei aliupeleka muhula wa miaka saba mbele ya kamati ya mazungumzo ya kitaifa kule Bomas, na mwaka 2024 akaufanya Mswada kamili.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa ujenzi, Webuye, na sioni aibu kusema kwamba niliunga mkono wazo la Seneta. Gavana akichaguliwa, mwaka wa kwanza unaishia kortini na katika kupanga ofisi, mwaka wa mwisho ni kampeni, na katikati anabaki na miaka mitatu ya kazi. Kwa nini watu walimtukana badala ya kujibu hoja yake?

Fundi, nimefurahi kwamba umeandika, kwa sababu barua zinazounga mkono zilikuwa chache sana na hoja yako inastahili jibu. Hiyo ndiyo hoja aliyoitoa Seneta mwenyewe: kwamba miaka mitano haimtoshi kiongozi kutekeleza ahadi zake. Waliomtusi hawakuisaidia nchi kufikiri.

Tuipime hoja yenyewe. Kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais huamuliwa na Mahakama ya Juu ndani ya siku 14, na kesi za magavana na wabunge katika Mahakama Kuu ndani ya miezi sita. Katika miezi hiyo gavana aliyeapishwa yuko ofisini, ana bajeti, na maafisa wa kaunti wanafanya kazi. Mwaka wa kwanza, basi, hauishii kortini isipokuwa kiongozi auache uishie huko.

Wewe ni fundi, kwa hiyo umeliona jambo hili kwa karibu kuliko mimi. Chukua zahanati ya mashambani ambayo ukuta wake umefika kwenye linta, mabati hayajaletwa, na nyasi zimeota ndani ya vyumba. Uliza kwa nini imesimama. Mara nyingi utaambiwa kwamba mwanakandarasi hajalipwa, kwamba fedha kutoka Hazina ya Kitaifa zimechelewa, kwamba gavana aliyetangulia aliacha madeni ambayo huyu wa sasa anayakagua upya, au kwamba mradi wenyewe ulianzishwa bila fedha za kuumaliza. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayoondolewa na miaka miwili zaidi. Madeni yasiyolipwa katika mwaka wa tatu yatakuwa hayajalipwa katika mwaka wa sita, na tofauti itakuwa kwamba mwananchi aliyetaka kumwajibisha mhusika kwa kura atalazimika kusubiri zaidi.

Aidha, Katiba imeshatoa njia kwa kiongozi mwenye kazi isiyokwisha. Rais na gavana wanaruhusiwa mihula miwili, na mbunge hana kikomo kabisa. Anayehitaji miaka kumi aje katikati aonyeshe alichofanya, na wananchi wakiridhika watamwongezea mitano. Chini ya Mswada ule, mihula miwili ya Rais ingekuwa miaka 14.

Wala si kweli kwamba dunia inaelekea kwenye miaka saba. Ufaransa ilikuwa na muhula wa Rais wa miaka saba, na mwaka 2000 wananchi wakaupunguza hadi mitano kwa kura ya maoni. Senegal ilifanya hivyohivyo kwa kura ya maoni ya Machi 2016, na Rais Macky Sall alipojaribu kuahirisha uchaguzi wa Februari 2024, Baraza la Katiba la nchi hiyo lilimzuia, uchaguzi ukafanyika mwezi Machi na upinzani ukashinda. Nchi zilizoonja miaka saba ziliiona ni mingi, na sisi tuliokaa na mitano tunaombwa tuanzie pale wenzetu walipotoka.

Ninakubaliana nawe juu ya jambo moja kwa moyo wote: miradi inakwama mno, na hasira yako ni halali. Ningependa tu uielekeze kwenye fedha zinazochelewa na madeni ya wanakandarasi, kwa kuwa huko ndiko kazi inakofia.

Je, sisi vijana wa Kondele na wenzetu wa kaunti nyingine tunaweza kumwondoa mbunge au seneta anayeleta miswada ya namna hii kabla ya 2027?

Kifungu cha 104 kinawapa wapigakura haki ya kumwita mbunge au seneta wao arudi kabla ya muhula kwisha, lakini kinaliachia Bunge kutunga sheria ya kuweka sababu na utaratibu. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka utaratibu huo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vipengele vyake kwa kuwa vilikuwa vigumu kupita kiasi na vya kibaguzi. Zingatia pia kwamba wenye haki hiyo ni wapigakura wa eneo husika. Kijana wa Kondele hana sauti katika kumwita seneta wa kaunti nyingine. Na kuleta Mswada mbaya, hata uwe mbaya kiasi gani, si kosa. Mwakilishi ana haki ya kupendekeza, nanyi mna haki ya kukataa.

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Nakuru. Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijana wakati wanasiasa walipokutana hapa Nakuru kudai Katiba ibadilishwe. Tulisikia tu, na kisha tukasikia kwamba limekwisha. Vijana wa leo wanaamini kwamba wao ndio wa kwanza kupambana na mabadiliko ya Katiba. Unaona tofauti gani kati ya wakati ule na huu?

Mwalimu, umenikumbusha historia ambayo mji wako unapaswa kuifundisha zaidi. Mkutano wa Nakuru ulifanyika Septemba 1976, na miongoni mwa walioongoza harakati hizo alikuwemo Kihika Kimani, Mbunge wa Nakuru Kaskazini wakati huo. Walitaka kiondolewe kipengele kilichompa Makamu wa Rais madaraka ya kushika nchi kwa siku 90 Rais akifariki, na kila mtu alijua kwamba aliyelengwa ni Daniel arap Moi. Mnamo Oktoba, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo kwamba ni kosa la jinai kuwazia au kukusudia kifo cha Rais, na harakati zikazimika. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Moi alichukua nafasi kwa utaratibu uleule waliotaka kuufuta.

Wapo wanaosimulia kisa hicho kama ushindi wa Katiba. Mimi nakiona kwa uchungu zaidi. Pendekezo lililohusu nchi nzima lilianzishwa na kundi la wakubwa na likazimwa na onyo la mkubwa mwingine, na ninyi walimu, wakulima wa Molo na wafanyakazi wa reli hamkuulizwa lolote, wala wakati wa kuanzishwa wala wakati wa kuzimwa. Na kwa kuwa mwananchi hakuwa na nafasi, mabadiliko yaliyofuata yalipita bila kizuizi. Juni 1982 Bunge lilipitisha Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na mwaka 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Kikomo cha mihula miwili ya Rais tunachokilinda leo kiliingia baada ya Kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991, na kilipatikana kwa sababu watu walifungwa, walipigwa na wengine wakauawa wakidai siasa huru. Moi mwenyewe aliondoka Desemba 2002 kwa sababu ya kikomo hicho. Kijana anayesema kwamba mihula ni jambo dogo la kisheria aelezwe hayo, na waelezaji bora ni ninyi mlioyaona.

Tofauti kubwa basi ni kwamba tangu Katiba ya 2010 mwananchi anatajwa ndani ya utaratibu wenyewe. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi yake. Na mahakama zimeonyesha kwamba hata wakubwa wakipatana, mapatano yao hayatoshi: mpango wa kurekebisha Katiba ulioitwa BBI, uliozaliwa na maridhiano ya Machi 2018 kati ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ulipita katika mabunge mengi ya kaunti na katika Bunge lenyewe, kisha ukasimamishwa na Mahakama Kuu Mei 2021, na hatimaye Mahakama ya Juu ikaamua Machi 2022 kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa wananchi. Hapa Kisumu wengi waliupenda mpango huo, na uamuzi uliwauma. Lakini kanuni iliyowauma siku ile ndiyo inayowalinda dhidi ya miaka saba.

Ninapeleka maziwa kutoka Nandi Hills hadi Chemelil na Awasi. Tangu Mswada utangazwe, kila nikiteremka naambiwa, "Nyinyi Wanandi mnataka kututawala milele." Mimi sikushauriwa, na niliupinga. Ninajibu nini?

Ndugu yangu, jibu la kwanza ni ukweli wenyewe. Mswada huo ulikuwa wa Seneta binafsi. Chama chake cha UDA, kupitia Katibu Mkuu Hassan Omar, kilijitenga nao. Kamati iliyoukataa iliongozwa na seneta kutoka Bomet, naye ni Mkalenjin. Aliyependekeza kikomo kiondolewe mwaka 2022 alitoka Garissa, na waliodai Katiba ibadilishwe kule Nakuru mwaka 1976 walitoka jamii nyingine tena. Tamaa ya kukaa kitini haina kabila, na anayekutupia wewe lawama kwa sababu ya lugha unayozungumza amekosea mtu.

Jibu la pili ni zito zaidi, na ninalitoa kwa wasomaji wangu wa Kisumu kuliko kwako. Mpaka huu wa Nandi na Kisumu unajua matusi ya siasa yanafikisha wapi. Septemba 1991 wanasiasa walihutubia mikutano Kapsabet na Kericho wakidai majimbo na kuwatisha waliotaka vyama vingi. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, yakaenea vijiji vya mpakani na baadaye sehemu nyingine za Bonde la Ufa na magharibi. Waliochomewa nyumba walikuwa wakulima wa miwa na mahindi, si wale waliozungumza jukwaani. Kwa hiyo, muuza duka wa Awasi anayemwambia mleta maziwa maneno hayo afahamu kwamba anafanya kazi ambayo wachochezi wangelipa ifanywe. Kama ana hasira na Mswada, anwani ya Karani wa Seneti ilichapishwa magazetini.

Wewe endelea kuteremka na maziwa yako, na ukiulizwa, sema ulivyosema kwangu: sikushauriwa, na niliupinga. Ikiwa ulituma maoni, waonyeshe nakala.

Nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na Muliro Gardens, Kakamega. Wiki ile ya mwisho ya maoni watu walipanga foleni. Wengi waliniambia, "Wewe andika tu NAKATAA, uweke jina langu." Wengine walikuwa na ujumbe mmoja uliosambazwa kwenye simu, nao wakautuma ulivyo. Je, Bunge liliyahesabu hayo? Na yana maana gani, ikiwa mwezi Juni tulipinga Mswada wa Fedha kwa barua na bado wakaupitisha?

Ulifanya kazi ya maana wiki ile, na naamini hukumtoza mama mzee sawa na ulivyomtoza mwenye kazi. Ndiyo, yalihesabiwa, bila hayo kamati isingeweza kuandika katika ripoti yake kwamba upinzani ulikuwa wa karibu kila aliyetoa maoni. Wingi una uzito wake, kwa kuwa mwanasiasa anajua kuhesabu.

Lakini uchungu wako kuhusu Juni una msingi. Mswada wa Fedha wa 2024, wenye mapendekezo kama ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya magari, ulipingwa kwa maandishi na kwa mdomo, baadhi ya vipengele vikaondolewa, na bado Bunge likaupitisha Juni 25. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini, baada ya vijana kuuawa kwa risasi. Hakuna anayeweza kuwaambia wazazi wao kwamba barua zilitosha. Na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu, ikiirejesha Sheria ya Fedha ya 2023 ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeibatilisha, ilisema kwamba Bunge halina wajibu ulioandikwa wa kutoa sababu kwa kila oni linalolikataa. Kwa maneno mengine, Bunge lazima likusikilize, lakini halifungwi na unachosema.

Kwa sababu hiyohiyo ninawasihi wenye saiba, walimu na viongozi wa makanisa na misikiti wawasaidie watu kuandika zaidi ya neno moja. Maoni yenye hoja ni kama bango la mpaka wa shamba: siku kesi ikifika kortini, ndiyo wakili anayoyaonyesha jaji kwamba Bunge lilionywa juu ya jambo hili mahsusi na likanyamaza. Anayeandika ataje jina lake, wadi na kaunti yake. Ataje nambari ya kipengele cha Mswada anachokipinga. Aeleze kinambadilishia nini. Na aseme anataka kifanyweje. Hayo yote yanaingia katika sentensi nne. Kwa mfano: "Mimi ni (jina lako), mkulima wa miwa, Mumias, wadi ya (jina la wadi), Kaunti ya Kakamega. Ninapinga kipengele cha (nambari) kinachoongeza muhula wa wabunge hadi miaka saba. Wadi yetu imesubiri daraja tangu uchaguzi uliopita, na kura ya kila miaka mitano ndiyo njia pekee tuliyo nayo ya kumwajibisha anayetuwakilisha. Ninaomba kipengele hicho kifutwe, na ikiwa Seneti itaendelea nacho, kiletwe kwa kura ya maoni."

Ujumbe huo ukitoka kwa mtu mmoja una nguvu kuliko ujumbe uliosambazwa kwa simu, kwa sababu karani hawezi kuufunga pamoja na mingine elfu kumi iliyofanana nao na kuuita oni moja. Wateja wako pia wahifadhi nakala yenye tarehe. Barua iliyotumwa baada ya saa ya mwisho haina nguvu, na barua iliyotumwa siku mitambo imelemewa inahitaji ushahidi kwamba ilitumwa.

Kuhusu maandamano, Kifungu cha 37 kinaruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha, na vyote vimo katika sentensi moja. Sikubaliani na wanaosema kwamba mwananchi achague kati ya barabara na barua.

Mimi ni mkulima wa majani chai, Vihiga. Kiingereza changu ni kidogo. Tangazo la Seneti lilikuwa la Kiingereza, na mwanangu aliniambia maoni ya Kiswahili hayasomwi. Ni kweli?

Si kweli, baba. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kifungu cha 120 kinataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Maoni yako ya Kiswahili yana hadhi sawa na yale yaliyoandikwa na wakili wa Nairobi, na ukihudhuria kikao cha hadhara unaweza kusimama na kuzungumza Kiswahili bila kuomba ruhusa ya mtu. Afisa akikukataza, muombe aandike jina lake na sababu yake kwenye karatasi.

Tatizo la kweli ni hilo la tangazo. Kumwalika mtu atoe maoni juu ya Mswada ambao hawezi kuusoma si kumshirikisha, na nimeona jambo hilo likirudiwa mwaka baada ya mwaka. Unaweza kulipinga kwa kuandika, katika aya ya kwanza kabisa ya maoni yako, kwamba hukupata Mswada wala tangazo kwa Kiswahili. Tangazo lingine likitoka, nenda katika ofisi ya eneobunge lako au katika bunge la kaunti pale Mbale ya Vihiga, uombe ueleweshwe vipengele kimoja kimoja. Hao wanalipwa kwa kodi yako. Kisha andika kwa mkono wako. Karatasi ya daftari la shule inatosha, mradi jina lako lisomeke na ifike kabla ya siku ya mwisho.